Amplifaya ndogo ya gitaa kwa matumizi ya darasani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamlenga mwalimu anayefundisha gitaa kwa kikundi na anayetaka amplifaya ya kubebeka kwa mkono mmoja. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeshaelezwa kwingine, tumetaja namba ya swali la kutazama.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini nisitumie redio au spika ya muziki niliyonayo?

Pikapu ya gitaa la umeme, yaani kifaa kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme, hutoa umeme mdogo sana, wa kiwango cha milivolti, na hudhoofika haraka ikilemewa. Ndiyo maana amplifaya ya gitaa huwa na ingizo lenye ukinzani mkubwa, kwa kawaida karibu megaomu 1. Ingizo la redio au spika ya muziki mara nyingi huwa na kiloomu 10 hadi 50 tu. Ukichomeka gitaa humo, sauti inatoka hafifu na imefifia upande wa juu, kana kwamba spika imefunikwa blanketi. Mwanafunzi hulazimika kupiga nyuzi kwa nguvu ili ajisikie, na mkono unajifunza tabia mbaya tangu siku ya kwanza.

2. Kati ya sifa zote zinazotajwa kwenye boksi, nianze na ipi?

Anza na ile ambayo kwa kawaida haiandikwi kwenye boksi: je, sauti inabaki safi na inadhibitika ikiwa chini sana? Nyumbani mtu hufungua amplifaya atakavyo. Darasani itatumika kwa miezi ikiwa imefunguliwa robo au chini ya hapo, tena ikiwa karibu na nyingine kumi. Amplifaya isiyosikika hadi kitufe kifike namba 2 kisha ikalipuka ghafla haifai, hata iwe na efekti hamsini.

Baada ya hapo angalia tundu la hedifoni linalozima spika lenyewe, uwezo wa kutumia betri na adapta pia, na vitufe vichache vinavyoonyesha kwa macho mahali vilipo. Hili la mwisho hudharauliwa. Mwalimu akipita katikati ya viti anatakiwa kuona mara moja nani ameongeza geini, yaani ukuzaji wa mwanzo unaoleta mkwaruzo. Amplifaya ambayo mipangilio yake yote imo ndani ya programu ya simu inakunyima hilo, na inakulazimisha kuruhusu simu mezani.

Tyuna ya ndani, midundo ya ngoma na mwangwi ni vya ziada. Vizuri vikiwepo, lakini visikuchagulie.

3. Wanafunzi wangu wana magitaa makavu. Wanahitaji amplifaya?

Hapana. Gitaa kavu linajisikia lenyewe, na darasa la magitaa makavu kumi lina kelele ya kutosha. Anayeweza kuihitaji ni mwalimu, ili mfano wake usikike juu ya kundi. Tazama swali la 25.

4. Ninunue ngapi?

Hesabu rahisi ni moja kwa kila gitaa la umeme litakalopigwa kwa wakati mmoja, pamoja na moja ya mwalimu. Ukizidi nane, ongeza moja ya akiba, kwa sababu amplifaya iliyoharibika katikati ya kipindi humwacha mwanafunzi bila kazi. Kama fedha hazitoshi, wanafunzi wawili wakabidhiwe amplifaya moja na wapokezane: mmoja apige, mwingine afuate vidole bila amplifaya. Usijaribu kuchomeka magitaa mawili kwa waya wa kugawanya. Sababu zipo kwenye swali la 27.

5. Lazima zote ziwe za aina moja?

Si lazima, lakini inaokoa muda mwingi. Adapta zinabadilishana bila hofu ya kuunguza kitu, maelekezo ni ya aina moja ("kitufe cha tatu kutoka kushoto kiwe saa sita"), na ile iliyokufa inaweza kutoa vipuri kwa nyingine. Ya mwalimu tu ndiyo inayofaa kuwa tofauti, kubwa kidogo.

## Wati, spika na kelele

6. Wati ngapi zinatosha?

Kwa mwanafunzi, wati 1 hadi 3. Kwa mwalimu anayetaka kusikika darasa zima, wati 5 hadi 10.

Wati hudanganya kwa sababu sikio halihesabu kama kalkuleta. Kuongeza nguvu mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo wengi huiona ndogo. Ili sauti isikike takriban mara mbili, unahitaji nguvu mara kumi. Kwa hiyo amplifaya ya wati 10 haina kelele mara tano ya ile ya wati 2. Inaizidi kwa desibeli 7 hivi.

Spika inaweza kufuta tofauti hiyo yote. Spika inayotoa desibeli 95 kwa wati moja, ikipimwa umbali wa mita 1, ikipewa wati 1 italingana na spika ya desibeli 85 iliyopewa wati 10. Roland Micro Cube GX, kwa mfano, ina wati 3 na spika ya inchi 5, na inatosha chumba cha kawaida. Pignose 7-100, ambayo imekuwepo tangu 1973, ni ya wati 5. Zote hutumia betri sita za AA.

7. Spika ya inchi ngapi?

Inchi 3 inabebeka kwenye begi la vitabu, lakini uzi mnene wa chini, ambao uko karibu hezi 82, hautoki vizuri. Mpigaji anasikia noti kwa msaada wa milio ya juu inayoambatana nayo, na mwili wa sauti haupo. Inatosha kwa kujifunza mahali pa vidole. Inchi 4 hadi 5 ndiyo saizi tunayoipendekeza kwa mwanafunzi. Inchi 6.5 hadi 8 iwe ya mwalimu. Juu ya hapo unaanza kubeba sanduku.

8. Amplifaya kumi na mbili zikilia pamoja, ni hatari kwa masikio?

Inaweza kuwa. Vyanzo viwili vya kelele vyenye ukubwa sawa vinaongeza desibeli 3, kumi vinaongeza 10, kumi na mbili karibu 11. Ikiwa kila amplifaya, pale ulipokaa, inatoa desibeli 70, ambayo peke yake si kitu, zote pamoja zinafika karibu 81. Kisha kila mwanafunzi anaacha kujisikia, anaongeza kidogo, jirani naye anaongeza, na ndani ya dakika tano uko 90.

Kiwango cha usikilizaji salama kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) mwaka 2019 kinapendekeza kwa watoto kisichozidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 78 kwa saa 20, 81 kwa saa 10, 84 kwa saa 5. Kiwango hicho kiliandikwa kwa ajili ya vifaa vya kusikilizia, lakini sikio ni lilelile.

Dawa yake ni ya kiufundi zaidi kuliko ya kukemea. Bandika utepe mdogo wa rangi pembeni ya kitufe cha sauti kuonyesha kikomo. Inua kila amplifaya kwenye kiti au iegemeze nyuma ili spika imtazame mpigaji usoni. Amplifaya iliyokaa sakafuni hupiga miguu, na mwenye nayo huongeza sauti kwa sababu yeye ndiye asiyeisikia.

9. Amplifaya za lampu, zinazokuza sauti kwa mirija ya kioo, je?

Usiziweke darasani. Ni nzito, hupata moto, na ndani zina volti mamia kadhaa zinazoweza kubaki kwenye kapasita hata baada ya kuzimwa. Uzuri wake hutokea zikifunguliwa kwa nguvu, jambo ambalo hutalifanya.

## Umeme na betri

10. Betri au adapta?

Ikiwa darasa lina soketi karibu na kila kiti, adapta. Ni nadra kuwa hivyo. Mzigo wenyewe ni mdogo: adapta ya volti 9 na miliampea 500 inatoa wati 4.5, hivyo hata kumi na mbili hazifiki wati 60 za kutoka. Tatizo ni nyaya kumi na mbili sakafuni na watoto wenye magitaa shingoni. Kinachofanya kazi vizuri ni mchanganyiko: wanaokaa ukutani watumie adapta, wa katikati watumie betri, na nyaya zilizopita njiani zibandikwe sakafuni kwa utepe mpana.

Epuka amplifaya zinazotumia betri moja ya mraba ya volti 9 kama ndiyo njia kuu. Betri hiyo ya alkali ina takriban miliampea-saa 500 tu. Amplifaya ikila miliampea 50, umepata saa kumi, na ukizidisha sauti zinapungua haraka. Betri sita za AA zina akiba kubwa zaidi mara kadhaa.

11. Naweza kutumia betri za kuchaji?

Ndiyo, na kwa darasa ndizo zenye maana. Chagua NiMH za AA zenye miliampea-saa 2,000 hivi, za aina isiyopoteza chaji haraka zikiwa kabatini. Jua tu kwamba kila moja ni volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo sita zinatoa volti 7.2 badala ya 9. Amplifaya nyingi hufanya kazi vizuri kwa volti hizo, ila sauti inaanza kukwaruza mapema kidogo ukiifungua sana. Taa ya kuonyesha betri nayo inaweza kudai zimeisha wakati bado.

Ziandike namba na kuzifunga pamoja kama seti. Hapa ndipo watu huharibu: betri moja mbovu au ya zamani ikiingizwa kwenye seti ya nzima, inaisha kwanza, wenzake wanaendelea kuisukuma umeme kinyume, na inavuja. Ukiwa na multimita, ipime kila betri baada ya kipindi. NiMH iliyoshuka karibu volti 1.0 ichajiwe, na ile inayoanguka mapema kuliko wenzake kila mara itolewe kwenye seti kabisa.

Kabla ya likizo, toa betri zote. Zikikukuta zimevuja, vaa glavu, pangusa unga mweupe kwa pamba yenye siki kidogo ikiwa betri ni za alkali, kausha, kisha sugua chuma kwa msasa laini hadi king'ae.

12. Adapta imepotea. Naweza kutumia nyingine yenye tundu linaloingia?

Kuingia si kufaa. Lazima vitu vinne vilingane na maandishi yaliyo karibu na tundu la amplifaya:

- Volti ziwe zilezile. Si zote ni 9. Blackstar Fly 3, kwa mfano, hutumia 6.5.
- Umeme uwe DC kama imeandikwa DC. Adapta ya AC huonekana sawa kwa nje.
- Alama ya duara yenye jumlisha na kutoa ionyeshe ncha ya katikati ni ipi. Nyingi za vifaa vya gitaa huweka kutoa katikati, kinyume na vifaa vingi vya nyumbani. Hapa ndipo amplifaya nyingi huungua.
- Miliampea zilingane au zizidi. Zikizidi hakuna ubaya. Amplifaya huchukua inachohitaji tu.

13. Na pawabanki?

Pawabanki ya kawaida hutoa volti 5, hivyo kwa amplifaya ya volti 9 unahitaji waya maalumu wa kupandisha volti. Kuna vikwazo viwili. Waya wa bei ya chini huingiza mlio mwembamba kwenye spika. Na pawabanki nyingi hujizima zikiona mzigo ni mdogo mno, kwa kudhani simu imejaa, kwa hiyo amplifaya inazimika kila mwanafunzi akinyamaza kidogo. Ijaribu kwa nusu saa, sauti ikiwa chini, kabla ya kununua nyingi.

14. Ile yenye betri ya lithiamu ndani ina hasara gani?

Inapendeza hadi siku ya kuchaji kumi kwa pamoja. Panga ratiba, chaji mchana mtu akiwepo, juu ya meza ngumu isiyo na karatasi. Ikikaa miezi, iache ikiwa na chaji ya nusu, mbali na joto. Uliza kabla ya kununua kama betri inabadilishwa kwa bisibisi au imegundishwa, kwa sababu betri itachoka kabla ya spika.

## Hedifoni na Bluetooth

15. Hedifoni za aina gani?

Zinazofunika sikio lote na zilizofungwa nyuma, zenye ukinzani wa omu 32 hivi, zisizo na maikrofoni. Zile za simu zenye pete tatu kwenye plagi mara nyingine hazikai sawasawa kwenye tundu la amplifaya. Sauti inatoka kama ya pipani au inatoweka hadi uivute kidogo. Kwa tundu la milimita 6.35, nunua adapta za stereo na uziache zimechomekwa moja kwa moja. Zikiwa huru, hupotea.

Kabla hedifoni haijavaliwa, kitufe cha sauti kirudishwe sifuri. Hii iwe kanuni ya darasa. Nguvu inayotosha spika ni nyingi mno kwa kitu kilichokaa sentimita chache kutoka kwenye ngoma ya sikio.

16. Nasikia upande mmoja tu.

Ama plagi haijaingia hadi mwisho, ama amplifaya ina tundu la mono. Kwa la mono, tumia kiunganishi kidogo cha mono kwenda stereo, kinachopeleka sauti pande zote mbili. Usichomeke adapta ya mono kwenye tundu la stereo: inaunganisha upande mmoja na ethi, na baadhi ya amplifaya haziuvumilii mchezo huo.

17. Wanafunzi wawili, tundu moja la hedifoni?

Kigawanyaji cha kawaida kinafanya kazi kwa hedifoni mbili zinazofanana. Omu 32 mbili zikiunganishwa hivyo zinakuwa 16; nne zinakuwa 8, na hapo sauti inashuka na kukwaruza. Zikiwa tofauti, mmoja atalalamika hasikii na mwingine atalalamika inaumiza, na hakuna kitufe cha kuwapatanisha. Kwa zaidi ya wawili nunua kigawanyaji chenye umeme wake na kitufe cha sauti kwa kila tundu.

18. Amplifaya ina Bluetooth. Wanafunzi watumie hedifoni zisizo na waya?

Hapana. Kwanza, Bluetooth ya amplifaya nyingi ni ya kupokea muziki kutoka kwenye simu, haitumi gitaa kwenda kwenye hedifoni. Pili, hata ingetuma, ucheleweshaji wake mara nyingi huzidi milisekunde 100. Sauti husafiri takriban mita 3.4 kwa milisekunde 10. Ucheleweshaji wa 150 ni sawa na kumsikiliza mpigaji aliye mita 50 kutoka ulipo. Hakuna mtu anayeshika mapigo hivyo.

Kwa kupiga juu ya wimbo, Bluetooth ni nzuri: wimbo unachelewa wote kwa pamoja na gitaa halicheleweshwi. Tatizo la darasani ni jingine. Amplifaya kumi zenye jina moja, na simu ya mwanafunzi inaungana na ya mwenzake. Waya wa AUX (tundu la kuingizia muziki) wa milimita 3.5 hauna utata huo.

19. Vipi vile vidude vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye gitaa?

Kwa darasa ambalo lazima liwe kimya, ni suluhisho zuri na la bei ya chini. Vox amPlug, kwa mfano, hutumia betri mbili za AAA na haina waya wa gitaa kabisa. Kasoro zake: mwalimu hasikii chochote bila kuchomeka hedifoni yake mwenyewe, na kidude kinachochomoza kwenye gitaa hugongwa na kuchosha tundu. Kwenye magitaa yenye tundu lililozama kwa mshazari, hakikisha plagi yake inajikunja.

## Kuijaribu kabla ya kulipa

20. Nikiwa dukani na dakika kumi na tano, nifanye nini?

Nenda na gitaa na waya unaoujua kuwa mzima, hedifoni, na betri mpya. Kisha fuata mpangilio huu.

Iwashe bila gitaa, sauti nusu. Mvumo mwepesi wa "shhh" ni kawaida, mngurumo wa kudumu si kawaida. Chomeka gitaa, chaneli safi, geini chini. Piga uzi mnene kwa nguvu huku ukipandisha sauti polepole hadi ianze kukwaruza; hapo ndipo mwisho wa sauti yake safi, hata kitufe kikiwa kinaendelea.

Sasa rudi chini. Hili ndilo jaribio kuu. Shusha hadi kiwango cha mtu anayeongea kwa upole, halafu jaribu kuongeza kidogo sana. Sauti ipande taratibu. Ikiruka kutoka kimya hadi kelele ndani ya sehemu ndogo ya mzunguko, iache.

Shika plagi ya gitaa uitikise kidogo pande zote. Ikikatika ikiwa mpya, haitamaliza muhula. Angalia kama tundu limefungwa kwa nati ya chuma kwenye kasha au limesimama kwenye bodi ya ndani tu. La nati ya chuma huishi zaidi. Weka hedifoni: spika izime, pande zote zilie, na sauti isiwe imeruka juu. Fungua na kufunga kifuniko cha betri mara kadhaa. Kile chenye ulimi mwembamba wa plastiki kitavunjika, na kila amplifaya itaishia kufungwa kwa utepe.

Mwisho, linganisha betri na adapta. Mngurumo ukijitokeza kwa adapta tu, adapta ndiyo mbovu, si amplifaya.

21. Iliyokwisha kutumika?

Inafaa. Ongeza mambo matatu: chungulia nafasi ya betri kama springi zina kutu ya kijani au unga mweupe, bonyeza kwa upole karatasi ya spika kwa vidole viwili usikilize kama inakwaruza, na uiache iwake nusu saa. Hitilafu nyingine hujitokeza ikishapata joto.

## Hitilafu za kila siku

22. Inaunguruma.

Punguza kitufe cha sauti cha gitaa hadi sifuri. Mngurumo ukiisha, unaingia kupitia pikapu: geuza mwelekeo wa kukaa, sogea mbali na adapta, kompyuta na taa za mirija, na weka simu mbali. Pikapu za koili moja hupokea mngurumo zaidi kuliko za koili mbili, hivyo hilo halina uhusiano na ubora wa amplifaya. Usipoisha, chomoa waya wa gitaa. Ukinyamaza, waya ni mbovu. Ukiendelea, jaribu betri badala ya adapta.

Mngurumo unaopungua ukigusa nyuzi ni wa kawaida kwa magitaa mengi ya umeme. Ukipungua ukigusa chuma cha tundu la gitaa lakini si nyuzi, waya wa ethi ndani ya gitaa umeachia.

23. Sauti inakatika-katika.

Waya kwanza, kila mara. Badilisha na ulio mzima kabla ya kufungua chochote. Waya wa mita 3 wenye plagi ya pembe upande wa gitaa unatosha na unastahimili kukanyagwa. Mirefu ya mita 6 na kuendelea hupunguza ung'avu wa sauti na huongeza kujikwaa.

Ikiwa waya ni mzima, tundu limelegea. Usikaze nati kwa kuizungusha tu: tundu lote huzunguka nayo na kukata nyaya za ndani. Lishike lisizunguke, kisha kaza kwa spana.

24. Kitufe kinakwaruza kikizungushwa, au amplifaya inapiga mluzi.

Kukwaruza ni vumbi. Zima, toa betri, pulizia spreyi ya kusafishia viunganisho vya umeme kwenye uwazi wa kitufe, kizungushe mara ishirini hivi, subiri ikauke. Mafuta ya kulainishia vyuma usitumie.

Mluzi ni geini nyingi na gitaa lililo karibu na spika. Geini chini, sauti juu badala yake, na mpigaji asilielekeze gitaa kwenye spika. Kwa darasa la waanzao, wapo walimu wanaobandika utepe juu ya kitufe cha geini kabisa, nasi hatuoni ubaya.

## Hali zisizo za kawaida

25. Gitaa kavu lenye pikapu, au ukulele?

Litafanya kazi kwenye chaneli safi, efekti zote zikiwa zimezimwa, lakini sauti itakuwa ya boksi kwa sababu spika ya gitaa la umeme huishia karibu hezi 5,000. Punguza sauti ya kati, ongeza ya juu. Pikapu ya piezo (inayosoma mtikisiko wa mbao) isiyo na betri ndani ya gitaa huhitaji ingizo la ukinzani mkubwa zaidi. Ukisikia sauti nyembamba na kali, hiyo ndiyo sababu. Gitaa lenye betri yake huwaka plagi ikiingia, hivyo lichomolewe baada ya kipindi, la sivyo betri itaisha likiwa ndani ya begi.

26. Besi?

Uzi wa chini wa besi ni karibu hezi 41. Spika ya inchi 5 haiwezi. Karatasi yake itayumba hadi iguse mwisho na hatimaye kuchanika. Mpigaji wa besi atumie hedifoni kwenye amplifaya hiyohiyo, ambapo sauti hutoka nzima, au apewe amplifaya ya besi yenye spika ya inchi 8 au zaidi.

27. Magitaa mawili kwenye amplifaya moja?

Waya wa kugawanya huunganisha pikapu za magitaa yote mawili moja kwa moja. Kila moja inailemea nyingine, na mmoja akishusha kitufe chake hadi sifuri, wote wananyamaza. Tundu la AUX nalo halisaidii, maana linategemea sauti iliyokwisha kukuzwa. Kinachofaa ni mikisa ndogo yenye maingizo mawili ya gitaa, ambayo inalisha AUX.

28. Naweza kuongelea kwa maikrofoni kupitia amplifaya ya mwalimu?

Ikiwa ina ingizo la maikrofoni lililoandikwa hivyo, ndiyo. Maikrofoni ikichomekwa kwenye ingizo la gitaa hutoa maneno yasiyoeleweka na mluzi karibu mara moja.

29. Tyuna ya ndani inatosha darasa likiwa na kelele?

Ya ndani husoma umeme wa gitaa, hivyo kelele haiisumbui. Tyuna ya simu inayotegemea maikrofoni ndiyo inayochanganyikiwa wanafunzi kumi wakipatanisha nyuzi kwa pamoja. Kwa magitaa yasiyo na pikapu, tumia ya kubana kichwani mwa gitaa, inayosoma mtikisiko wa mbao. Moja ikizungushwa kwa watu watatu inatosha.